Anayetaka Kuacha Pombe Apatiwe Pa Kuketi

Katika ofisi nyingi za umma na katika shule nyingi wapo watumishi ambao kila mtu anajua kwamba pombe imewashinda, lakini hakuna mtu anayewaambia neno. Mwalimu hufika shuleni kengele ya pili imekwisha kulia, mikono ikimtetemeka kiasi cha kushindwa kuishika chaki. Karani hutoweka siku tatu kila mishahara inapotoka, kisha hurejea na habari za msiba ambao haukutokea. Wenzao huwafunika kwa muda. Mmoja humshikia mwalimu kipindi, mwingine humwekea karani saini katika daftari la mahudhurio, na wote hudhani kwamba wanatenda wema. Siku wanapochoka huandikwa barua ya onyo, na baada ya barua kadhaa za onyo huandikwa barua ya uhamisho.

Uhamisho wa namna hiyo hauponyi ulevi. Mtumishi huondoka na ugonjwa wake pamoja na mizigo yake, na mara nyingi shule anayopelekwa ni ile iliyo mbali zaidi na barabara, mbali zaidi na hospitali, na yenye walimu wachache zaidi. Huko hana ndugu wala rafiki wa kumzuia, na pombe ya kienyeji ni rahisi kuliko mjini. Mkuu aliyemwondoa huhesabu kwamba tatizo limekwisha, kumbe limehamishiwa kwa watoto wa kijiji kingine, ambao wao hawakuulizwa.

Lipo jambo moja linalosahauliwa sana katika habari hii. Wengi wa watumishi hao wamekwisha kuamua kuacha pombe, tena si mara moja. Wameapa mbele ya wake au waume zao, wameahidi mbele ya wazazi, na wengine wameweka nadhiri msikitini au kanisani. Wakakaa wiki mbili bila kunywa, wakakaa mwezi, hata wengine wakakaa mwaka mzima. Kisha ikaja jioni moja ya mwisho wa mwezi, rafiki akapita kumwita, na nia ikalegea. Jioni hiyo mtu huyo alikuwa na nyumba ya kulala na kazi ya kwenda kesho yake. Alichokosa ni mahali pa kwenda saa ile, na mtu wa kumwendea ambaye angemwelewa bila kumhukumu. Kilabu cha pombe kilikuwa wazi, na ndiko alikokwenda.

Tanzania Bara ina Sheria ya Vileo tangu mwaka 1968, nayo inaeleza ni nani aruhusiwe kuuza pombe na kwa masharti gani. Tarehe 1 Machi 2017 serikali ilipiga marufuku pombe kali ya vifuko vya plastiki, ile iliyojulikana kwa jina la viroba, ambayo ilikuwa ikiuzwa kwa bei ndogo hata kwa vijana wa shule. Hatua hizo zilikuwa na maana yake, kwa sababu pombe inayopatikana kwa shida hunywewa kidogo. Hapana shaka kwamba madhara yenyewe ni makubwa: Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba katika mwaka 2019 peke yake watu milioni 2.6 walikufa duniani kwa sababu zinazotokana na pombe. Lakini sheria ya uuzaji humbana muuzaji. Mtu ambaye mwili wake umekwisha kuizoea pombe ataitafuta iliko, iwe katika chupa ya kiwandani, katika gongo, au katika kata ya ulanzi au ya komoni. Mtu wa namna hiyo anahitaji msaada wa kuacha, na mojawapo ya misaada iliyokwisha kujaribiwa kwa miaka mingi ni mkutano wa watu wenye shida kama yake.

Simu ya Akron

Mikutano ya aina hii ina historia, na historia hiyo yafaa ijulikane kwa sababu inaonyesha kwamba ilianzishwa na walevi wenyewe. Mwezi wa Mei 1935, Bill Wilson, mkazi wa New York aliyekuwa akifanya biashara ya hisa, alikuwa katika mji wa Akron, jimbo la Ohio, nchini Marekani. Alikuwa na miezi mitano tu tangu aache pombe. Shughuli iliyompeleka Akron ilivunjika, akabaki hotelini peke yake, na karibu naye palikuwa na baa yenye watu wachangamfu. Alijua kwamba akiingia mle amekwisha. Badala ya kuingia akaiendea simu, akaanza kuwapigia viongozi wa dini wa mji ule ambao hakupata kuwaona, akiwauliza kama wanamjua mlevi yeyote ambaye angeweza kuzungumza naye. Baada ya majaribio kadhaa akaelekezwa kwa mama mmoja, na mama huyo akamkutanisha na Dakta Bob Smith, daktari wa upasuaji ambaye pombe ilikuwa karibu kumwangamiza.

Dakta Smith alikubali kumpa mgeni huyo dakika kumi na tano tu. Wakazungumza kwa saa kadhaa. Daktari alikuwa amekwisha kusikia mawaidha ya kila aina, lakini hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuketi na mtu aliyepitia mambo yale yale, ambaye hakuja kumhubiria bali kutafuta msaada kwa nafsi yake mwenyewe. Waswahili husema kwamba adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Dakta Smith alianguka tena mara moja baada ya mazungumzo hayo, kisha akasimama. Tarehe 10 Juni 1935, ambayo huhesabiwa kuwa siku yake ya mwisho kunywa, ndiyo inayoadhimishwa kuwa siku ya kuanzishwa kwa jumuiya ya Alcoholics Anonymous, maana yake walevi wasiotajwa majina. Jumuiya hiyo ilitoa kitabu chake cha kwanza mwaka 1939, na leo ina wanachama wapatao milioni mbili na mikutano katika nchi zipatazo 180.

Jumuiya hiyo haikuwa ya kwanza, wala si ya pekee. Mwaka 1840 wanywaji sita wa mji wa Baltimore, huko huko Marekani, walianzisha umoja wa walevi waliokusudia kuacha pombe kwa kusimuliana habari zao. Umoja huo ulikua haraka sana na kupata maelfu ya watu, lakini baada ya miaka michache ulisambaratika, kwa sababu uliingizwa katika mabishano ya siasa na ya sheria za pombe ambayo hayakuwa shughuli yake. Waliokuja baadaye walijifunza. Kanuni ambazo jumuiya ya Wilson na Smith ilizipitisha mwaka 1950 zinasema kwamba kikundi hakitakuwa na msimamo juu ya mambo yaliyo nje ya kazi yake, na kwamba kitajitegemea kwa michango ya wanachama wake. Huko Uswisi ulianzishwa mwaka 1877 umoja wa Kikristo wa Msalaba wa Buluu, ambao nao umeenea hadi Afrika. Kwa wale wasiopenda mikutano yenye sura ya dini, iko SMART Recovery, iliyoanzishwa mwaka 1994, ambayo hutumia mafunzo ya kitaalamu ya kutawala mawazo na tamaa.

Kinachofanyika ndani

Mtu ambaye hajapata kuingia katika mkutano wa namna hiyo huuogopa kwa kudhani kwamba ataitwa mbele na kulazimishwa kutubu. Ukweli ni kwamba mkutano wenyewe ni jambo la kawaida. Huchukua saa moja au saa moja na nusu, siku ile ile na saa ile ile kila wiki. Mwenyekiti ni mlevi aliyeacha, na uenyekiti hushikwa kwa zamu. Kila mtu hujitaja kwa jina lake la kwanza tu. Mmoja hueleza alivyokuwa, yaliyomkuta, na alivyo sasa. Kisha wengine husema yao kwa zamu. Hakuna kumkatiza mtu, wala kumjibu, wala kumpa ushauri ambao hakuuomba. Asiye tayari kusema husema kwamba leo amekuja kusikiliza, na hiyo inatosha.

Hakuna kiingilio. Bakuli huzungushwa kwa ajili ya kodi ya chumba na chai, na mgeni halazimiki kutia kitu. Sharti la uanachama ni moja tu, yaani kutaka kuacha pombe. Iko mikutano ya wazi, ambayo ndugu, daktari au mwalimu anayetaka kujifunza anaweza kuhudhuria, na iko mikutano ya faragha kwa ajili ya wenye shida peke yao. Mgeni hatakiwi kuahidi kwamba hatakunywa maisha yake yote, kwa kuwa ahadi kama hiyo amekwisha kuitoa mara nyingi ikamshinda. Hutakiwa asinywe leo, na kesho aje alifikirie la kesho. Akiondoka hupewa namba za simu za watu wawili au watatu ambao anaweza kuwapigia hata usiku wa manane, na kadiri siku zinavyopita humchagua mkongwe mmoja awe mlezi wake. Baada ya muda hupewa kazi ndogo, kama kupanga viti au kuchemsha chai. Kazi hiyo ina maana kubwa kwa mtu ambaye kwa miaka kadhaa hakuna aliyethubutu kumkabidhi hata ufunguo.

Watumishi waliosoma watauliza ushahidi uko wapi, nao wana haki ya kuuliza. Mwaka 2020 jumuiya ya kitaalamu ya Cochrane, ambayo hupima ushahidi wa tiba mbalimbali, ilitoa uchambuzi wa tafiti 27 zilizohusu watu 10,565. Uchambuzi huo ulionyesha kwamba kati ya watu 100 waliosaidiwa kwa utaratibu maalumu kuingia katika mikutano ya walevi wasiotajwa majina, wapatao 42 walikuwa hawajanywa kabisa baada ya mwaka mmoja. Kati ya 100 waliopewa matibabu mengine yanayokubalika, waliofika hapo walikuwa wapatao 35. Tofauti hiyo si muujiza, na hesabu yenyewe inaonyesha kwamba wengi walianguka angalau mara moja. Lakini msaada huu hauhitaji jengo jipya wala fedha za kigeni. Huhitaji chumba, viti na birika la chai, na matokeo yake hayapungui yale ya tiba ghali zaidi.

Hata hivyo yafaa kutoa onyo. Mtu ambaye kwa muda mrefu amekunywa pombe nyingi kila siku asiache ghafla akiwa peke yake. Mwili uliozoea pombe unapoikosa waweza kutetemeka na kutoa jasho jingi, na katika siku mbili za kwanza mtu aweza kushikwa na kifafa. Wengine huchanganyikiwa, wakaona na kusikia mambo yasiyokuwapo, na hali hiyo yaweza kuua isipotibiwa. Mtu wa namna hiyo aanzie hospitali, ambako atapewa dawa za kuutuliza mwili na vitamini B1 ambayo pombe imemmaliza. Mkutano huja baada ya hapo. Kikundi chochote kinachomwambia mgonjwa atupe dawa alizopewa na daktari kinakosea, naye akihame.

Namna ya kuutafuta

Swali linalofuata ni mahali ilipo mikutano hiyo. Katika miji mikubwa ya Afrika Mashariki, kama Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, ipo. Visiwani Zanzibar, na baadaye Bara, zimeanzishwa nyumba za upataji nafuu, maarufu kwa jina la soba hausi. Nyumba hizo zilianza hasa kwa ajili ya vijana walioathirika na dawa za kulevya, lakini nyingi kati yake hufuata utaratibu ule ule wa mikutano, na wanaoziendesha ni watu wanaojua ni wapi mlevi wa pombe apelekwe. Anayetafuta aanze kwa kuuliza katika kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya mkoa, au kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya. Shehe au padri naye mara nyingi hujua, maana mikutano mingi huazima vyumba vya nyumba za ibada.

Hapo pia pana jambo la kufafanua. Mwislamu aweza kusita akisikia kwamba mkutano unafanyika katika ukumbi wa parokia, na Mkristo aweza kusita ukiwa karibu na madrasa. Kikundi ni mpangaji tu katika chumba hicho. Ni kweli kwamba hatua kumi na mbili zinazofuatwa na wengi humtaja Mungu, lakini humwachia kila mtu amfahamu kwa namna yake, na hakuna anayeulizwa dini wala dhehebu. Mwenye kuona kwamba hata hivyo hapamfai ana haki ya kutafuta kikundi cha namna nyingine. Lililo muhimu ni kwamba asihukumu kwa siku moja. Vikundi hutofautiana kama madarasa yanavyotofautiana, na aliyekwenda mara moja akarudi nyumbani akisema hapamfai bado hajajua. Aende mara kadhaa, na kama mji una vikundi viwili, avione vyote viwili.

Mama wafanyakazi nao wasisahauliwe. Aibu ya ulevi humwelemea mwanamke mara mbili, na kwa sababu hiyo mtumishi mwanamke mara nyingi hunywa nyumbani, mlango umefungwa, na hujulikana kwa kuchelewa. Yeye huona vigumu zaidi kuingia katika chumba kilichojaa wanaume. Ndiyo maana katika nchi nyingi iko mikutano ya wanawake peke yao, na hapana sababu ya kuikosa hapa. Jamaa wa mlevi pia wana mikutano yao, inayoitwa Al-Anon, ambayo ilianzishwa mwaka 1951 na Lois Wilson, mke wa yule Bill Wilson wa Akron, pamoja na mwenzake. Humo mke hujifunza kwamba si yeye aliyeusababisha ulevi wa mumewe, na kwamba kumtungia uongo mbele ya mwajiri wake hakumsaidii.

Kwa watumishi walioko mbali na miji, simu imeleta nafuu. Wakati wa ugonjwa wa korona, mwaka 2020, mikutano mingi duniani ilihamia katika intaneti, na mingi kati yake inaendelea huko hata leo. Mwalimu wa kijijini mwenye simu na bando aweza kuketi katika mkutano akiwa nyumbani kwake. Upungufu wake ni kwamba mingi huendeshwa kwa Kiingereza, na habari za nyumba na ndoa na aibu mtu huzisema vizuri zaidi kwa lugha aliyokua nayo. Simu basi itumike kama daraja, mpaka upatikane mkutano wa watu wanaoonana uso kwa uso.

Siri na wajibu

Hapa ndipo penye ugumu mkubwa, nao yafaa ukabiliwe waziwazi. Watumishi wa umma wamelelewa katika desturi ya kukosoana hadharani. Mtumishi anayezembea hutajwa katika kikao, na mara nyingi desturi hiyo imesaidia, kwa sababu mali ya umma haifai kulindwa kwa kunong'onezana. Mikutano ya walevi husimama juu ya desturi iliyo kinyume: yanayosemwa chumbani hubaki chumbani, na aliyeonekana humo hatajwi nje. Je, mambo hayo mawili yapatane vipi? Na mzazi aliyempeleka mtoto wake shule hana haki ya kujua kwamba mwalimu ni mlevi?

Jibu ni kutenganisha tendo na tiba. Mwalimu anayeingia darasani amelewa amevunja sheria za kazi yake, na tendo hilo lishughulikiwe kama matendo mengine ya uvunjaji wa sheria, bila kufichwa na bila kusingizia kwamba yuko katika kikundi. Mtoto ana haki ya kuwa na mwalimu mwenye akili timamu. Lakini kwenda kwake mkutanoni kusigeuzwe kuwa ushahidi dhidi yake. Mkuu wa shule akitumia mahudhurio ya mkutano kumnyima mwalimu cheo, walimu wengine watano wenye shida hiyo hiyo watajifunza somo moja tu, nalo ni kujificha zaidi. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini anayemfanya mgonjwa aone afadhali kuficha ana sehemu yake ya lawama.

Shirika la Kazi Duniani lilitoa mwaka 1996 mwongozo juu ya ulevi na dawa za kulevya mahali pa kazi. Mwongozo huo unasema kwamba matatizo ya pombe yachukuliwe kuwa matatizo ya afya kama mengine, kwamba habari za mgonjwa zitunzwe kwa siri, na kwamba tiba na ushauri vitangulie mbele ya adhabu, ingawa mwajiri hapotezi mamlaka yake ya kuadhibu utovu wa nidhamu. Mkuu wa ofisi mwenye busara atautumia mwongozo huo kwa namna iliyo rahisi. Atamwita mtumishi faraghani, asubuhi, akiwa hajanywa. Atamweleza siku alizokosa na kazi zilizoharibika, kwa tarehe, bila matusi na bila hotuba. Atamwambia adhabu itakayofuata kama hali ikiendelea, kisha atamweleza mahali mkutano ulipo na siku yake, na kumruhusu saa ya kwenda. Asimdai karatasi iliyotiwa saini ya kuthibitisha kwamba alihudhuria. Kazi ya mkuu ni kuiangalia kazi ya mtumishi, na kazi itakayokuwa imebadilika itajionyesha yenyewe.

Wenzake nao wana wajibu. Kumwekea saini mtu asiyekuwapo ni kumnunulia muda wa kuzidi kuzama. Kumcheka anapoagiza soda katika harusi ni kumrudisha alikotoka. Katika jamii ambayo mbege au tembo la mnazi huambatana na mahari, mavuno na kusuluhisha ugomvi, mtu anayekataa kikombe huonekana kana kwamba anawakataa watu. Hapana budi wenyeji wa shughuli wajifunze kuweka kinywaji kingine mezani bila kuuliza maswali, na kumwacha mtu anywe anachotaka.

Pasipo na mkutano

Bado wilaya nyingi hazina mkutano hata mmoja, na ni rahisi kwa mtumishi kukata tamaa akisema kwamba mambo hayo ni ya mijini. Lakini mkutano wa kwanza wa Akron ulikuwa wa watu wawili, na desturi ya jumuiya ile mpaka leo ni kwamba walevi wawili au watatu waliokutana kwa ajili ya kuacha pombe waweza kujiita kikundi. Mwalimu mmoja aliyeacha na mganga mmoja wa zahanati aliyeacha wanatosha kuanza. Wanahitaji darasa moja Jumamosi alasiri, baada ya wanafunzi kuondoka, au chumba cha nyuma cha ofisi ya kata. Wanahitaji saa isiyobadilika, maana anayetafuta mkutano akafika akaukuta mlango umefungwa hatarudi. Wanahitaji kuwajulisha mganga mkuu wa wilaya na viongozi wa dini kwamba mkutano upo, ili nao wawaelekeze wengine.

Katika kijiji ambacho kila mtu anamjua mwenziwe, siri kamili ni ndoto. Watu watamwona mwalimu akiingia katika chumba kile kila Jumamosi, na watajua. Ijapokuwa hivyo, ikumbukwe kwamba watu hao hao wamekwisha kumwona akilala kando ya njia. Kinachoweza kulindwa ni maneno yanayosemwa ndani, na hayo yakilindwa kwa mwaka mmoja bila hata moja kuvuja, kikundi kitakuwa kimejipatia heshima ambayo tangazo haliwezi kuinunua. Hapo mtu wa nne atabisha hodi.

Viongozi wa serikali na wa Chama katika ngazi za chini wana nafasi ya kusaidia, na wana nafasi ya kuharibu. Watasaidia wakitoa chumba na kukiheshimu. Wataharibu wakitaka kufungua mkutano kwa hotuba, kudai orodha ya wanachama, au kuuhesabu katika taarifa zao kuwa ni mafanikio ya kata. Yaliyoupata umoja wa Baltimore yatosha kuwa fundisho. Mlevi hawezi kusema ukweli wake mbele ya mtu anayeandika taarifa.

Halmashauri zinaweza kufanya jambo moja jepesi zaidi. Kila hospitali ya wilaya, kila ofisi ya elimu na kila ofisi ya ustawi wa jamii ibandike ukutani karatasi moja yenye maneno machache: kwamba wapo watu walioacha pombe na wanaokutana, mahali wanapokutana, siku na saa. Isitajwe jina la mtu. Karatasi hiyo iwekwe mahali ambapo mtu aweza kuisoma akiwa amesimama kwenye foleni kwa shughuli nyingine, bila mwingine kujua anachokisoma. Wapo watakaoipita mara ishirini kabla ya kuthubutu kwenda. Waachwe waipite, nayo ibaki ukutani.

Mwalimu aliyeacha pombe ni hazina kwa taifa. Amegharimiwa masomo, anajua kazi, na anajua jambo jingine ambalo vitabu havimfundishi mtu. Kumfukuza ni hasara, na kumhamisha ni kuisukuma hasara hiyo mbele. Mwisho wa mwezi huu mishahara itatoka kama kawaida, na jioni hiyo katika kila wilaya watakuwapo watumishi walioapa kwamba safari hii hawatakunywa. Ni wajibu wa wakuu wao, wenzao na jamaa zao kuhakikisha kwamba kabla ya jioni hiyo kufika, kila mmoja wao ameambiwa ni mlango gani aubishe na ni saa ngapi utafunguliwa.